Kifo cha Fazul na Wajibu Wetu



Wamo miongoni mwetu ambao kila atajwapo Fazul Abdullah Mohammed humwita shahidi; na wamo wasemao kuwa hakuwa Mwislamu kabisa. Wote wamekosea, na kosa la hawa wa pili ni la woga: wataka kuutua mzigo ulio wetu.

Mtu huyu alizaliwa Moroni, Ngazija. Alikwenda Pakistani kusoma, akaingia kambi za Afghanistan, akarudi upande huu wa bahari akiwa mtu wa Al-Qaida, hata akawa mkubwa wao. Siku ya Ijumaa, 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani Nairobi ulilipuliwa. Walikufa watu 213, na Wamarekani katika hao walikuwa 12 tu. Waliobaki wengi wao ni makarani na wapita njia, watu waliotoka asubuhi kutafuta riziki. Dar es Salaam siku hiyo hiyo walikufa 11. Fazul alikuwa katika wapangaji.

Kisha alikwenda wapi? Alikuja Siyu, kisiwani Pate, akajiita Abdul Karim, akaoa, akasomesha watoto chuoni. Hapa ndipo panapotuuma. Siyu ni mji ambao wazee wake walikuwa wakiandika misahafu kwa mikono yao, na sisi watu wa pwani twajisifu kwa elimu. Walakini hakuulizwa amesoma kwa nani, wala nani amjuaye. Kanzu yake na Kiarabu chake vilitutosha. Tarehe 28 Novemba 2002, tukiwa katika saumu ya Ramadhani, hoteli ya Kikambala ikalipuliwa, na mkono wake ulikuwamo. Wakafa Waisraeli 3 na Wakenya 10, wakiwamo wacheza ngoma waliokuja kuwalaki wageni.

Sharia haina shaka katika jambo hili. Mgeni aingiaye nchini kwa ruhusa ana amani, na kuivunja amani hiyo ni khiyana. Na mcheza ngoma wa Kikambala hakuwa na vita na mtu. Asemaye hiyo ni jihadi na atuletee dalili, asituletee machozi ya Palestina, kwani hayo sisi nasi twayalia.

Aliuawa Mogadishu, Juni 2011, usiku, gari lake lilipofika penye kizuizi cha askari wa serikali. Walimpiga risasi wasijue ni nani, naye ndiye ambaye Marekani iliahidi dola milioni 5 kwa habari zake. Pasipoti aliyokuwa nayo ilikuwa na jina lisilo lake. Hatukishangilii kifo hicho. Hesabu yake iko kwa Mola wake.

Lakini watoto aliowasomesha Siyu sasa ni watu wazima, na huenda wao nao wana watoto chuoni. Mwalimu wa watoto hao, tumekwisha kumuuliza alisoma kwa nani?