Kanuni Utakayoikubali Ukihamia Upande wa Pili

Atungaye mchezo wa watu wawili ana mamlaka makubwa kupita ya bunge. Akisema kete hairudi nyuma, hairudi. Kwa hiyo swali la haki humfikia yeye kabla halijawafikia wachezaji: kanuni hii ningeikubali kama ningekaa upande wa pili?

Bao hulijibu swali hilo vizuri. Mashimo ni 32, kila mchezaji ana 16, na kete 64 hazina rangi wala mwenyewe wa kudumu. Zikiliwa huhamia upande wa mwenzako, na baadaye zaweza kurudi kwako. Geuza ubao, hakuna kilichobadilika.

Ila lazima mtu aanze, na hapo ndipo usawa unapoponyoka. Natunga mchezo wa vizibo vya soda, kama vile vya drafti kwenye vijiwe vya Bukoba: vyako unavilaza, mwenzako anavifunua vyake. Ubao una miraba 49, saba kwa saba. Kwa zamu kila mmoja anaweka kizibo kimoja, nacho hakisogei tena. Kikizingirwa na vya mpinzani pande zote, kinageuzwa na kuwa chake. Ubao ukijaa, mwenye vingi ameshinda. Namba 49 inazuia sare, lakini hiyo hiyo inampa aanzaye vizibo 25 na mwenzake 24. Hex, mchezo uliobuniwa na Piet Hein wa Denmark mwaka 1942, una tabia hiyo pia: hauna sare, na John Nash alithibitisha kwamba aanzaye akicheza bila kukosea hashindwi.

Wachezaji wa Hex wana dawa. Wa kwanza anaweka kete moja, kisha wa pili anaamua: abaki alipo, au achukue nafasi ya mwenzake. Basi wa kwanza haweki pazuri mno, maana atanyang'anywa, wala pabaya mno, maana ataachiwa. Kanuni hii naiheshimu sana kwa sababu haimdai mtu wema. Inamdai atunge mwanzo ambao angeridhika nao akiwa upande wowote. John Rawls aliijengea fikra ya namna hiyo nadharia nzima ya haki, katika kitabu chake cha 1971. Hata hivyo, kwa mchezaji ajuaye kila kitu, kubadilishana kunahamishia tu ushindi kwa wa pili, kwa kuwa yeye ndiye achaguaye. Haki ya kanuni hii inasimama juu ya kutojua kwetu, na kwa viumbe wenye akili kama zetu naiona inatosha.

Nje ya ubao hakuna kubadilishana viti. Mwaka 1988, wilayani Muleba, mama mzee asiye na wa kumtunza aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Kijana wa ukoo, aliyemwita shangazi, akashtaki siku iliyofuata: kwa mila ya Wahaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa haki kijana, ya wilaya ikatengua, na shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, ambako linajulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory.

Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilikuwa wazi: mwanamke atumie ardhi hiyo maisha yake yote, asiiuze. Mwanamume aliweza kuuza, na ukoo ukawa na nafasi ya kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Iulize kanuni hiyo swali la mtunga mchezo. Nani kati ya wazee walioilinda angeikubali kama asingejua bado iwapo atazaliwa kaka au dada?

Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwa kutumia haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Hakuifuta mila yote. Haki ya ukoo kukomboa shamba aliiacha, ila sasa iwe sawa kwa shamba lililouzwa na mwanamume na lililouzwa na mwanamke. Kijana akitaka ardhi ya shangazi yake, alete 300,000.