Chumvi Kwenye Chupa

Hapa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, vumbi la kiangazi halibishi hodi. Linapita chini ya mlango na kutulia juu ya vitenge ndani ya sanduku. Lakini vumbi lina afadhali, ukikung'uta linatoka. Unyevu haukung'utwi.

Masika yakishika, godoro lililoegemezwa ukutani linaota ukungu, na mchwa anajenga njia yake ya udongo hadi kwenye mbao za kabati, ambamo pengine mmeweka vyeti vya watoto. Pandisha vitu juu ya matofali, viache mbali kidogo na ukuta. Hilo halihitaji hata senti.

Kwenye mahindi nako yupo dumuzi, mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati, aliyegundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wakambatiza Scania, jina la lori. Kwa majina, Watanzania hatujambo! Mfuko usiopitisha hewa unammaliza kwa kumnyima pumzi. Ila ukifungia humo mahindi yasiyokauka vizuri, umefungia ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, majirani zetu kabisa.

Kwa hiyo, mama, baba, kabla ya kufunga mfuko, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikigandia kwenye chupa, rudisha mahindi juani.