Bomba la Kurudishia

Nimewahi kumwita mtu mwizi mbele ya watu, na hakuwa mwizi. Jambo lenyewe lilianzia kwenye kipande cha mpira kisichozidi shubiri tatu.

Gari langu lilikuwa Land Cruiser ya injini ya 1HZ, silinda sita za dizeli, lita 4.2, ambayo Toyota iliitoa bila tabo. Ni injini ya kuaminika, lakini ukiwa na mzigo kwenye mteremko ule wa kupandia Karatu kutoka Mto wa Mbu, utaona haya. Nikanunua tabo iliyotumika kwa muuza vipuri mmoja wa Arusha, fundi akaifunga. Juma la kwanza nilijiona bwana wa barabara. Juma la pili ekzosi ilitoa moshi wa bluu, na oili ikaanza kupungua.

Hapa sina budi kueleza kidogo. Oili huingia kwenye tabo kwa nguvu ya pampu, kupitia kibomba chembamba, kwa sababu shafti yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kutoka ni habari nyingine. Hakuna kinachoisukuma, hutoka kwa uzito wake tu, tena ikiwa imejaa povu. Ndiyo maana bomba la kurudishia huwa pana mara kadhaa kuliko la kuingizia, nalo lapaswa kushuka moja kwa moja na kuingia kwenye sampu juu ya kimo cha oili. Likipinda likapanda, hata kidogo, oili hutuama. Na sili za tabo si za mpira. Ni vipete vya chuma mfano wa ringi za pistoni, havikuumbwa kuzuia oili iliyojaa. Basi itatafuta njia kwenye ekzosi, na tabo nzima itafuka moshi kama mbovu.

Fundi wangu alitaka kushusha sampu, aitoboe ubavuni kwa juu na kuchomelea kiungio. Kazi ya siku mbili. Nikamwambia atafute njia nyingine, nina safari. Akaitafuta: mpira ulipita chini ya mguu wa injini, kisha ukapanda kidogo kabla ya kuingia. Sikuuliza tena.

Nilikwenda dukani siku ya Jumamosi, duka limejaa. Yule muuzaji alinisikiliza, kisha akauliza kwa upole, “Mzee, bomba la kurudishia limepitishwa wapi?” Nikaona ni ujanja. Nikapaza sauti. Akanirudishia fedha zangu, nadhani ili niondoke tu.

Tabo ya pili, ya duka jingine, ilifuka moshi baada ya siku tano. Fundi mwingine, mtu mzima, hakufungua hata nati moja; alilala chini ya gari akacheka. “Tabo haina kosa. Oili haipandi mlima yenyewe.”

Nimejitetea sana moyoni. Moshi niliuona kwa macho yangu, na mtu huhukumu kwa anachokiona. Utetezi huo ungefaa kama nisingeambiwa. Lakini niliambiwa, kwa sentensi moja, nami niliikataa kwa kuwa ilielekea upande wangu. Ujinga wa mitambo husameheka. Mimi sikuwa nimekosa elimu siku ile. Nilikuwa nimekosa utayari wa kuwa mkosaji.

Nikamrudia, na msomaji atambue kwamba nilichagua asubuhi ya Jumanne, duka likiwa tupu. Niliomba radhi kwa sauti ya chini, nikamlipa hasara yake. Alihesabu fedha, akasema amenisamehe. Kisha akauliza, bila hasira, “Na wale wa Jumamosi?”

Sikuwa na jibu. Wengine walikuwa wapita njia. Hata hivyo mmoja nilimtambua miezi kadhaa baadaye kwenye kituo cha mafuta, nikamfuata, nikamweleza yote. Alishangaa. Ugomvi ule hakuukumbuka kabisa. Alisema tu kwamba kwa yule bwana hanunui siku hizi. Alisikia mahali, hakumbuki wapi, kwamba mali yake si nzuri.