Mtafute Mwenzako

Msikilizaji wa Musoma, Bunda na Butiama, nazungumza nawe unayeshika kikombe cha chai kwa mikono inayotetemeka, ukingoja baa ifunguliwe.

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson, dalali wa hisa aliyekuwa ameacha pombe, alishikwa na hamu ya kunywa akiwa ugenini. Alipiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari Bob Smith, na mazungumzo yao yakazaa Alcoholics Anonymous, umoja wa vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe.

Kama umezoea kunywa sana, muone daktari kwanza. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Kisha ulizia kikundi cha namna hiyo hospitalini, kanisani au msikitini. Kama hakipo, watu wawili mnatosha kuanza. Ndugu yangu, usipigane peke yako.