Je, Imani Hubadilika kwa Amri ya Mtawala?

Ndugu yetu mmoja anayesomesha historia huko Nyeri ametuuliza: yafaa vijana wa Kiislamu wafundishwe habari za wafalme wa Uingereza waliogeuza dini ya raia wao? Twajibu kuwa yafaa, maadamu mwalimu atasomesha kwa uadilifu.

Mfalme Henry wa Nane alijitenga na Papa mwaka 1534, akajifanya mkuu wa kanisa. Mwanawe Edward akazidisha mageuzi. Kisha Mary, aliyetawala tangu 1553 hadi 1558, akairudisha nchi kwa Papa na kuwachoma moto watu zaidi ya 280. Na Elizabeth akaigeuza tena mwaka 1559. Basi mtu aliyezaliwa 1530 aliamrishwa kubadili dini mara nne kabla hajatimiza miaka thelathini. Je, mtu huyo aliyeitikia kila amri ni mnafiki? Wanazuoni wetu hawaharakishi kuhukumu, kwani Ammar bin Yasir alipoteswa alitamka maneno ya kufuru hali moyo wake umetulia katika imani, naye akasamehewa. Lawama kubwa ni ya mwenye kulazimisha.

Wala mwanafunzi wa Nyeri hana haja ya kusafiri mpaka London kuliona jambo hili. Mwaka 1929 Kanisa la Scotland, lenye misheni Tumutumu, pamoja na misheni nyingine, liliwataka waumini watie sahihi au alama ya kidole gumba kukana tohara ya wanawake. Wakikuyu waliliita jambo hilo Kirore. Waliokataa walitengwa na kanisa, na wengi wao watoto wao wakafukuzwa shule. Wazee wakajenga shule zao wenyewe, ambazo serikali ya kikoloni ilizifunga nyingi katika Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952. Sisi hatuitetei mila ile, madhara yake yanajulikana. Lakini kumwonya mtu juu ya madhara ni jambo moja, na kumfungia mwanawe mlango wa elimu mpaka atie kidole ni jambo jingine kabisa.

Mwalimu asikomee hapo, akawaacha vijana wakidhani kuwa sisi tumesalimika. Huko Buganda, Kalema alipokalia kiti cha Kabaka mwaka 1888 kwa nguvu za Waislamu, alitahiriwa yeye mwenyewe, na watu wengi wakalazimishwa kutahiriwa na kusilimu. Mwaka uliofuata alikuwa ameng'olewa. Habari hii isomeshwe siku ile ile ya Kirore, katika darasa lile lile, kabla kengele haijalia.