Je, kuangalia ndege bila kumla ni kazi ya mtu mzima?

Kwenye barabara ya Mambasa mpaka Niania, ile inayopita Epulu, watu wanaulizaka swali moja juu ya wageni wanaoingia porini na jumele shingoni: «Anaamka saa kumi ya usiku, anatembea ndani ya matope, anaona ndege, anaandika, anarudi. Sasa nyama iko wapi?» Sisi tuliosoma tunachekaka tukisikia vile. Lakini swali hilo si la kuchekwa. Linataka kujua hivi: mtu akiangalia kiumbe bila kukitumia, yeye anapata nini, na kiumbe chenyewe kinapata nini?

Tuanzie pale pale. Hifadhi ya Wanyama ya Okapi iliundwa mwaka 1992 katika pori la Ituri. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia, na mwaka 1997 ikaiandika pia kati ya sehemu zilizo hatarini. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 13 700. Katikati ya miti minene kuna nafasi wazi zenye maji na matope, zinaitwa edo, na huko wanyama na ndege wanafika. Ndege wanaojulikana humo wanapita aina 300. Wambuti na Waefe wanaishi humo pia na wanawinda.

Kati ya ndege wa Ituri, kuna mmoja anayeweza kutufundisha: tausi wa Kongo. Dume ni wa buluu inayong'aa, shingo yake ni nyekundu bila manyoya, na kichwani ana kishungi cheupe. Jike ni wa kahawia, na mgongo wa kijani. Mwaka 1913, Mmarekani mmoja, James Chapin, aliyetumwa huku na makumbusho ya New York, aliona huko Avakubi unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji. Hakuutambua, akauweka. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, na karatasi yao ilisema ni tausi wa Kihindi, wangali wachanga. Kumbe unyoya ulikuwa wa ndege kama hao! Mwaka ule ule akampa jina la kisayansi, Afropavo congensis, na vitabu vikaandika kwamba ndege huyo amevumbuliwa.

Amevumbuliwa na nani? Watu wa pori walimjua tangu zamani: namna anavyolala mitini, namna dume na jike wanavyoitikiana usiku. Watu wa Tervuren walikuwa naye ndani ya nyumba, na hawakumwona. Macho hayana pazia, ni kweli, lakini macho peke yake hayatoshi. Anayeangalia bila kuuliza anaona karatasi tu, haoni ndege. Na wazee walishatuambia: kuuliza si ujinga.

Lakini tusijisifu haraka. Mwindaji wetu anamjua ndege kupita profesa, sawa. Ila zamani ujuzi ule ulikuwa na mpaka wake: mtu alichukua ya kutosha nyumba yake. Leo mitego ya waya inategwa juu ya soko na machimbo ya dhahabu. Waya hauchagui. Unategewa mboloko, unakamata tausi, sababu naye anatafuta chakula chini. Hata kasuku alikamatwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo, mpaka mwaka 2016 mataifa yakapatana kukataza biashara ya kasuku wa porini. Mtoto atakayerithi jina la ndege bila ndege mwenyewe, amerithi nini?

Hapo njo ninaona maana ya kuangalia tu. Ni kujua bila kumaliza. Nyama inaliwa na nyumba moja, siku moja. Ndege aliye hai anaonwa leo na mimi, kesho na mwingine, wala hapungui.

Lakini maneno hayo ni mepesi kwa aliyeshiba. Mgeni anarudi kwao na picha, mwenyeji anabaki na sheria na njaa. Kumwambia mtu «usiue» bila kumpa njia nyingine ya kuishi, hiyo ni amri, bado si maadili. Na pasipo usalama hata amri haifai kitu: mwezi wa sita 2012, wenye silaha walishambulia Epulu, watu sita wakauawa, na okapi wote 14 wa kituo wakafa.

Kwa hiyo anayeangalia ana madeni. Amuulize mwenyeji jina la ndege kwa lugha yake, na aliandike. Amlipe vizuri aliyemwongoza. Na yale aliyojifunza ayarudishe katika shule zetu, yasibaki katika makabati ya mbali. Sisi nasi tuna deni letu, kwani wengi wetu wa Bunia ao Kisangani tunamjua tausi wa Kihindi wa picha kuliko huyu wetu. Tuwaulize wazee majina ya ndege wakingali nasi.

Basi, nyama iko wapi? Iko porini, inatembea bado, na kesho mtoto wako anaweza kuikuta. Kama mgeni na mwenyeji wote wawili wamesaidia ibaki pale, kazi hiyo ni ya watu wazima kabisa.