Kiongozi wa Kipofu: Mas'ala ya Mbwa Aliyefundishwa na Tadbiri ya Wenye Kusaidia

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mja macho ya kichwa na macho ya moyo, akamnyima amtakaye yale ya kwanza bila ya kumpunguzia cheo chake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba katika vijiji vya Shinyanga na katika machimbo ya dhahabu ya Geita, kiongozi wa kipofu aghalabu ni mtoto. Mzee hushika ncha moja ya fimbo, na mtoto hushika ncha ya pili, wakaenda hivyo sokoni, au zahanati, au msikitini, au njiani kuomba. Mzee amepata macho; lakini mtoto amekosa shule na chuo. Basi yule mkubwa haoni njia, na yule mdogo atakuwa haoni herufi, na nyumba moja imekuwa na vipofu wawili.

Katika nchi nyingine, kazi hii ya mtoto hufanywa na mbwa aliyefundishwa. Kwa hiyo watu huuliza maswali mawili. La kwanza: Je, Mwislamu wa madhehebu ya Shafi ameruhusiwa kuongozwa na mbwa? La pili: vyama vya hisani vinavyotoa mbwa hao, vikiungana na kufanya shauri moja, vianze wapi ili hisani yao iwe hisani kweli? Swali la kwanza ni la fiqhi, na la pili ni la maadili. Nasi tutaona kwamba yote mawili yana jawabu moja, nayo ni haja.

Ama la kwanza. Hapana shaka kwamba mbwa kwetu sisi Mashafi ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Wala hapana shaka kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kufuga mbwa bure, na akatujulisha kwamba mwenye kufanya hivyo hupungukiwa na thawabu kila siku. Lakini katika makatazo hayo hayo ameutoa mbwa wa kuwinda, na wa kulinda wanyama, na wa shamba. Na katika Suratul Maida, Mwenyezi Mungu amehalalisha windo la wanyama waliofundishwa, akataja kwamba wanafundishwa kwa elimu aliyotupa Yeye. Basi kumfundisha mnyama si uchawi wala ushenzi. Ni elimu katika elimu alizotuneemesha.

Kisha wakauliza maulamaa: je, na mbwa wa kulinda nyumba na njia, ambaye hakutajwa? Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amesema iliyo sahihi zaidi ni kwamba yajuzu, kwa kukisia juu ya wale watatu, kwani sababu inayofahamika katika hadithi ni haja. Tazama neno hili vizuri. Ikiwa haja ya mtu kulinda mbuzi wake imefungua mlango, itakuwaje haja ya mtu kulinda shingo yake isivunjike ndani ya shimo iufunge? Nafsi ya mwanadamu ina hishima kuliko mali yake.

Mtu akisema: "Na najisi je?" Jawabu yake: najisi haihami kutoka kikavu kwenda kikavu. Mwenye kushika kigwe kikavu cha ngozi hakunajisika. Akirambwa, au akigusa nywele mbichi, ataosha kama alivyofundishwa, na sala yake itakuwa sahihi. Akisema: "Na malaika hawaingii nyumba yenye mbwa?" Jawabu: hao ni malaika wa rehema, na maulamaa wamekhitilafiana juu ya mbwa aliyeruhusiwa. Al-Khattabi amemtoa katika hukumu hiyo, na Nawawi ameelekea kuiacha hadithi katika uenevu wake. Mwenye kutaka salama ya khitilafu atamjengea mbwa banda uani, asimlaze chumbani. Akisema: "Na msikiti?" Jawabu: mbwa hukaa nje, na mwenyewe huingia. Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Leicester, Uingereza, mwaka 2008. Baraza la sheria la Waislamu wa huko lilitoa fatwa, na kijana mmoja asiyeona akaruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, na mbwa akawekewa pahala pake nje ya pale panaposaliwa.

Yako na mambo mawili ambayo vyama hivi hapana budi viyajue vikija kwetu. Kwanza, kumuuza mbwa si sahihi katika madhehebu yetu, hata akiwa amefundishwa. Lakini kumtoa kwa wasia ili anufaishe ni sahihi. Pili, katika Minhaji kumwekea mbwa aliyefundishwa wakfu hakusihi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Basi Mwislamu atakaye kusaidia jambo hili na atoe sadaka yake ya fedha kwa mtu mwenye haja. Asije akadhani amefanya wakfu, kumbe hakufanya kitu.

Ama la pili, nalo ndilo zito zaidi. Kazi hii ya mbwa ilianza kwa utaratibu katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuliwa vitani. Ikafika Marekani mwaka 1929, na mwaka 1931 Waingereza wanne wakapewa mbwa wao wa kwanza huko Wallasey. Afrika Kusini ilipata chama chake mwaka 1953. Na mwaka 1989 vyama vya nchi mbalimbali viliungana katika shirikisho moja ili vipate kipimo kimoja cha kazi. Kuungana huko ni kwema, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini kuungana si tadbiri. Watu wanaweza kukaa baraza moja, kila mmoja amekuja na bidhaa yake chini ya joho, na shauri lote likawa ni namna ya kugawana wateja. Mwenye mbwa atasema: "Wapi tutapata vipofu wa kuwapa mbwa?" Huyu ameanza na alichonacho. Mwenye hisani ya kweli husema: "Huyu kipofu ana haja gani?" Maneno haya mawili yanakaribiana katika ulimi, na yamebaidiana katika vitendo.

Tujaribu kuyapima katika nchi yetu. Mtu ambaye upofu wake ni wa mtoto wa jicho, haja yake si mbwa wala fimbo. Haja yake ni tabibu, kwani ugonjwa huo ndio sababu kubwa ya upofu duniani, nao hutibika kwa kupasuliwa. Kumpa huyu mbwa ni kumsaidia akae katika giza ambalo lingeweza kuondolewa. Mtoto mwenye ualbino, kama wale waliokusanywa katika shule ya Buhangija, Shinyanga, kwa kukimbia wauaji waliodanganywa na waganga, aghalabu si kipofu. Anaona kwa uhafifu. Haja yake ni miwani, na kofia, na maandishi makubwa, na jirani asiyemwinda. Na asiyeona kabisa, haja yake ya mwanzo ni fimbo nyeupe na mwalimu wa kumfundisha kuitumia. Maana fimbo bila ya mafunzo ni ukuni.

Kisha iko ardhi yenyewe. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa Geita, maduara yamechimbwa karibu na njia na karibu na nyumba, na shimo la leo halikuwapo jana. Mbwa hufundishwa kusimama penye hatari na kupitisha mtu pembeni. Lakini hufundishwa katika njia zenye ukingo, na alama, na gari ziendazo kwa kanuni. Basi shauri la vyama likipanga mbwa lisipange kufukia mashimo, limeweka mzigo wa watu wenye macho juu ya mgongo wa mnyama.

Na iko khofu ya watu, wala si khofu ya ujinga. Kichaa cha mbwa huua watu yapata 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Chanjo ikiwafikia mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukatika. Mtoto wa kijijini aliyefundishwa kumtupia mbwa jiwe hatamtambua mbwa wa kipofu kwa sababu amevaa kigwe. Basi chanjo ya mbwa wote wa kijiji ni sehemu ya kumlinda mbwa mmoja na bwana wake.

Tena tazama muda. Mbwa huchukua yapata miaka miwili tangu kuzaliwa hata kumaliza mafunzo, kisha hutumika miaka sita au minane, kisha huzeeka. Katika miaka hiyo yote atataka chakula, na tabibu wa wanyama, na mwalimu wa kurudi kumtazama. Chama kinachotoa mbwa leo kimefunga ahadi ya miaka kumi, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza ahadi, kwani ahadi itaulizwa. Mfadhili akiondoka mwaka wa tatu, kipofu atabaki na kinywa cha kulisha katika nyumba ambayo watoto hawajashiba. Hapo kipawa kimegeuka deni.

Huenda mtu akasema: "Maneno yako ni ya kuwafukuza wenye kheri." Hasha. Asiyeona anayeishi mjini Mwanza au Dar es Salaam, mwenye kazi na nafasi, akimtaka mbwa, na apewe, wala asizuiliwe kwa jina la dini. Tumekwisha kueleza kwamba dini haimzuii. Wala mnyama kuwa dhalili machoni mwetu si hoja. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa na makohozi ya wenye kifua kikuu. Na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Lakini angalia mwendo wa kazi ile: walianza na bomu, ndipo wakatafuta mnyama. Hawakuanza na panya wakamtafutia bomu.

Jambo la mwisho ni shura. Chama cha Wasioona Tanzania kipo tangu mwaka 1964, na vyama vya watu wenye ulemavu vina shirikisho lao, SHIVYAWATA. Nchi ina sheria ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 2010. Basi hawa ndio wenye mas'ala, na kiti chao ni cha mbele. Abdullahi bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na kwa ajili yake zilishuka aya za Suratu Abasa. Mtume (s.a.w.) alimfanya mwadhini, na zaidi ya mara moja alimwacha Madina awe naibu wake. Huyu huyu ndiye aliyetaja kwamba hana kiongozi wa kumfikisha msikitini, na akaambiwa aitikie mwito akiwa ausikia. Maulamaa wameichambua hadithi hiyo kwa njia nyingi. Sisi twachukua humo funzo moja: asiyeona ameitwa kama alivyoitwa mwenye macho. Na akiwa yeye ameitwa, basi jirani zake wana wajibu wa kumrahisishia njia.

Basi enyi mnaokusanyika kwa jambo hili, pangeni hivi: tabibu kwa atibikaye, fimbo na mwalimu kwa asiyetibika, njia iliyofukiwa mashimo kwa wote, na mbwa kwa amtakaye na awezaye kumtunza. Na kipimo cha tadbiri yenu kisiwe hesabu ya mbwa mliowatoa. Kiwe hesabu ya watoto walioachilia ncha ya fimbo wakarudi kusoma, na wazee wao wakaendelea kutembea.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko tuombako taufiki.